Serikali ya Kuuliza

Kuna nchi moja ambayo jina lake hatulitaji, si kwa kuogopa, la hasha, ila kwa sababu wananchi wake hawajaulizwa bado kama wanaridhia litajwe. Ina milima, ina mito, ina wimbo wa taifa wenye beti nyingi kuliko madaraja, na zamani ilikuwa na Bunge.

Bunge lenyewe lilipendeza. Viti vyake vilikuwa vya kuzunguka, na wabunge waliviweza hata wakawa wanalala juu yake bila kuanguka, jambo ambalo si kila mtu analimudu. Watu wa kijiji cha Mbugani waliwakilishwa humo na Mheshimiwa Pazi Kilewa, bwana mnene mwenye sauti tamu, ambaye kwa miaka yote aliyokaa bungeni alisimama mara moja tu, akaomba feni ipunguzwe kasi kwa sababu ilikuwa inampeperushia karatasi alizojifunika usoni.

Katika Mbugani nzima hakuna aliyemchukia Mheshimiwa kama Siwema, mke wa Ngwegwe fundi baiskeli. Mheshimiwa alipokuja kuomba kura alikula jogoo wake, akamwita mama mzazi, akaapa kwamba zahanati itapata mganga kabla mvua hazijaanza. Mvua zilianza. Mtoto wa mwisho wa Siwema akashikwa na homa, wakambeba mpaka zahanati, wakakuta kufuli limeshika kutu. Tangu siku waliyomzika, Siwema akisikia neno mwakilishi alikuwa akitema mate chini, na hakuna aliyemlaumu.

Kwa hiyo siku ilipotangazwa kwamba Bunge limefutwa, na kwamba kuanzia sasa wananchi watajitawala wenyewe, kila mtu na kila jambo, bila mtu kumsemea mtu, Siwema alicheza uwanjani mpaka kanga ikamfunguka.

"Ndugu wananchi," kipaza sauti kilisema kutoka mji mkuu, "leo watawala wamekwisha. Serikali ni ninyi. Mimi sitaamua lolote, maana mimi ni nani? Kazi ya serikali ni moja tu, nayo ni kuuliza. Nitauliza, mtajibu. Ndiyo maana nimeuvua Urais, mzigo mzito, nikabaki na jina dogo la Muulizaji Mkuu wa Maisha."

Watu walipiga makofi sana. Hakuna aliyeuliza hayo maneno ya mwisho yametokea wapi, kwa kuwa kuuliza ilikuwa tayari ni kazi ya mwenyewe.

*

Mwanzoni mambo yalikuwa matamu. Kila asubuhi king'ora kililia, watu wakatoka wakiwa wamenawa uso, wakajipanga uwanjani chini ya mlingoti wenye kipaza sauti. Muulizaji Mkuu akauliza, taifa zima likainua mikono, na Afisa wa kila kijiji akahesabu. Afisa wa Mbugani aliitwa Kidaha. Kwa kuwa serikali sasa ni wananchi, watumishi wengine wote walikuwa wamepunguzwa, akabaki yeye peke yake na kofia tatu: nyeupe ya kuhesabia mikono, ya kijani ya kupokelea malalamiko, na nyekundu ya kukamatia watu. Alikuwa mtu mpole, na kila alipotaka kubadilisha kofia aligeukia ukutani kwanza, kama mtu anayebadilisha nguo.

"Je, wananchi wanapenda amani?" Muulizaji Mkuu aliuliza siku ya kwanza. Walipenda. "Je, Muulizaji wenu aongezewe walinzi, au mnataka auawe?" Wakaona heri aongezewe. "Je, barabara ya kwenda nyumbani kwake iwekwe lami, au mnapenda maswali yachelewe kuwafikia?" Lami ikapita bila mpinzani.

Siwema aliinua mkono kwa kila swali, juu kabisa, kiganja wazi. Hakujali sana swali lenyewe. Alichopenda ni pale Kidaha alipopita mbele yake, akamnyooshea kidole na kutaja namba. Hakuwa amewahi kuhesabiwa mahali popote maishani mwake, na kusema kweli ilimpa raha.

Taabu ni kwamba serikali isiyoamua lolote inalazimika kuuliza kila kitu. Wananchi wakaulizwa kama karani fulani wa mji ambao hawajawahi kuusikia apewe likizo ya harusi. Wakaulizwa kama ukuta wa posta upakwe rangi ya samli au ya maziwa. Ng'ombe wa umma alikwama kwenye tope huko kaskazini, taifa likaulizwa kama avutwe kwa kamba au kwa mnyororo. Kamba ilishinda kwa mikono michache, lakini matokeo yalipofika ng'ombe alikuwa ameshakufa, ikabidi liulizwe swali la mazishi. Magugu yakawafika watu kiunoni mashambani, nao wako uwanjani wanachagua nembo ya idara ya magugu.

Watu wa mijini ndio walioanza kuchoka. Asubuhi moja, kwa mikono ya wale wachache waliokuwa macho, ikapita Sheria ya Ujirani Mwema: mgonjwa anaweza kumwazimisha jirani yake mkono, ili jirani amwinulie. Kabla juma halijaisha nchi nzima iliugua.

Sheria ilikuwa na masharti yake. Aliyeazimisha mkono alifungwa kitambaa cheupe kwenye kiwiko cha kulia, na tangu hapo mkono huo haukuruhusiwa kupita bega, wasije watu wakahesabiwa mara mbili. Walimu wakawa wanaandika nusu ya chini ya ubao. Maharusi wakapunga mkono wa kushoto. Bwana mmoja wa mji mkuu alijisahau akafukuza nzi aliyetua kwenye upara wake, ikabidi bajeti ya taifa ihesabiwe upya.

Na kwa namna ambayo hakuna aliyeweza kuieleza, jirani wa kila mtu wa sehemu zile akatokea kuwa Pazi Kilewa. Wilaya tatu zilimwazimisha mikono. Hakuitwa tena Mheshimiwa, wala mwakilishi, Mungu apishe mbali. Kuwakilisha kulikuwa kumeshafanywa kosa kubwa kuliko kuua. Aliitwa Jirani.

Mbugani tu haikuugua. "Yule mtu asipewe hata kidole," Siwema alisema, na kwa kuwa walimjua, na walimjua mtoto aliyemzika, watu wa Mbugani waliendelea kutoka kila asubuhi, vijana kwa vikongwe, wakainua mikono yao wenyewe.

*

Kisha pampu ya kisima ikaharibika. Bolti iliyoshika mpini ilikatika vipande viwili, na Mbugani haikuwa na kisima kingine. Wanawake wakaanza kuteka kwenye bwawa wanalonyweshea ng'ombe, na haukupita muda watoto wakaanza kuharisha.

Utaratibu ulikuwa wazi. Kijiji kikitaka jambo lake liulizwe, watu wake wote wainue mikono kwa pamoja, Afisa alipeleke pendekezo. Waliinua. Kidaha akalipeleka. Zikapita siku nyingi za kuulizwa kuhusu mambo mengine, mpaka Siwema akashindwa kuvumilia, akaenda kupiga hodi ofisini.

Kidaha alivaa kofia ya kijani, akamkaribisha. Ukutani palikuwa na kioo kikubwa, na mbele ya kioo kiti kimoja.

"Nimekuja kuilalamikia serikali," Siwema akasema.

"Serikali ni nani, mama?"

"Ni wananchi."

"Na wewe u nani?"

"Mwananchi."

"Basi umefika kwa mhusika mwenyewe. Keti."

Siwema akaketi, akajitazama kiooni. Akaona kwamba amekonda.

"Haya, sema nayo."

"Watoto wanaharisha," Siwema akakiambia kioo, kwa sauti ya chini kwa sababu aliona haya. "Pampu imekufa. Tunakunywa maji na ng'ombe."

Kidaha alisubiri kidogo kwa adabu. "Imekujibu nini?"

"Haijasema kitu."

"Na inaonekanaje?"

"Inaonekana imechoka."

"Ndivyo ilivyo siku hizi," Kidaha akasema kwa huzuni ya kweli. "Tuivumilie tu, mama."

Hata hivyo swali lilikuja. Asubuhi moja kipaza sauti kikakohoa, na Muulizaji Mkuu akauliza: "Je, wananchi, kisima kimoja cha Mbugani ni bora kuliko visima vyote vilivyobaki vya taifa letu?" Mbugani iliinua mikono yote, na mingine ya kushoto. Taifa likakataa. Muulizaji akawapongeza wananchi kwa ukomavu wao. Lililomuudhi Siwema zaidi ni kwamba, kila alipolirudia lile swali kichwani, aliona kuwa jibu lake kweli lilikuwa hapana.

*

Ngwegwe hakuwa mtu wa maneno. Uwanjani aliinua mkono pale mkewe alipoinua, akaushusha aliposhusha, kisha akarudi kwenye baiskeli zake. Siku ile baada ya swali alikwenda nyumbani. Alikula, akanawa, akaenda kibandani kwake, akafungua bolti moja nene kwenye baiskeli yake mwenyewe, akachukua spana na kuelekea kisimani. Mchana haujaisha, maji yakatoka.

Mbugani ilipiga vigelegele. Watu walikunywa mpaka matumbo yakauma, watoto wakamwagiana, Mwatime, jirani yao wa ukuta kwa ukuta, akamwogesha mjukuu wake pale pale mbele za watu. Kidaha naye alikuja na kikombe. Akanywa cha kwanza, akanywa cha pili, akamshukuru Ngwegwe kwa kumshika mkono, kisha akaugeukia mti uliokuwa karibu na kuvaa kofia nyekundu.

"Bwana Ngwegwe, pampu hii ni ya nani?"

"Ya umma."

"Umma ulikutuma?"

"Haukunituma. Watu walikuwa na kiu."

"Uliikaza hiyo bolti kwa ajili yako peke yako?"

"Hapana," Ngwegwe akasema. "Kwa ajili ya wote."

Kidaha akafumba macho kama mtu aliyechomwa mwiba. "Ungesema kwa ajili yako peke yako, lingekuwa kosa dogo la kugusa mali ya umma, ningekuonya tukaachana. Sasa umefanya jambo kwa niaba ya watu ambao hawakuinua mikono. Huo ni uwakilishi, bwana, na umekiri mbele ya mashahidi."

"Mume wangu hajamwakilisha mtu," Siwema akasema. "Ametengeneza pampu."

"Mama, hata wale wabunge walisema hivyo hivyo, kwamba wanafanya kwa ajili ya wote."

"Walisema. Mimi sikuwaona wakifanya."

"Ndiyo maana kosa la mumeo ni kubwa zaidi," Kidaha akajibu, na kwa upole kabisa akamfunga Ngwegwe pingu. Njia nzima ya kwenda mahabusu ya Makutano alimbebea spana yake, kwa sababu ilikuwa nzito.

*

Kesi katika nchi ile haikuwa na hakimu. Hakimu ni taifa, na taifa lingeulizwa. Siwema alijua kabisa wapi ilipo mikono ya taifa. Alilala siku mbili tatu akipigana na moyo wake, kisha akajifunga kanga mbili, akaenda kwa Pazi Kilewa.

Alimkuta barazani amekaa kwenye kimoja cha vile viti vya kuzunguka. Alikuwa amenenepa zaidi.

"Mama mzazi," Jirani akasema kwa ile sauti yake tamu. "Karibu. Ule ugomvi wetu wa zamani nimeshausahau."

Siwema hakuwa ameusahau. Alikaa chini, akaitazama mikono yake mwenyewe. "Nimekuja kukuomba umwinulie mume wangu mikono. Sina mwingine wa kumwendea."

"Nimesikia habari zake. Fundi mzuri, wanasema." Jirani akajizungusha taratibu kwenye kiti. "Unajua, mama, zamani nilikuwa nateseka. Kila baada ya miaka mitano usingizi ulinikimbia. Nilikuwa nawaogopa ninyi. Nikaja kwenu nikala yule jogoo mgumu, nikabeba watoto wenye makamasi, nikacheza ngoma na goti langu bovu. Sasa simwombi mtu kura. Simwakilishi mtu, na hakuna awezaye kunishtaki. Mimi ni jirani tu, na ujirani hauna uchaguzi. Ninyi mliolivunja Bunge mlinitendea wema mkubwa, na nimekuwa nikitafuta nafasi ya kuwashukuru."

"Basi utushukuru kwa hili."

"Nitamwinulia. Mikono yangu yote. Lakini nami nina aibu yangu, mama. Nina wilaya tatu, na katikati kuna kitobo, nacho ni Mbugani. Majirani wenzangu wa mikoa mingine wananicheka. Wananiuliza, Pazi, wale umegombana nao nini? Kizibe hicho kitobo, na mumeo nitasimama naye."

Siwema alirudi nyumbani akilia njia nzima, akawakusanya watu kisimani.

"Wewe ndiye uliyetukataza," Mwatime akasema. "Ulisema hata kidole asipewe."

"Nilisema."

"Sasa?"

"Sasa wamemchukua Ngwegwe."

Mwatime alimsogelea. Alikuwa na mjukuu mgongoni, na mtoto alikuwa amenenepa kidogo tangu maji yatoke. "Maji yake nimeyanywa," akasema mwishowe, akanyoosha mkono wa kulia ufungwe kitambaa. Nyuma yake wakapanga mstari, mmoja mmoja, bila maneno. Kidaha alivaa kofia nyeupe na kuwafunga wote, na wa mwisho kufungwa alikuwa Siwema. Kitambaa hakikumbana hata kidogo, lakini mkono ulikufa ganzi.

*

Siku ya kesi Mbugani ilitoka uwanjani kusikiliza, mikono ikining'inia.

"Ndugu wananchi," Muulizaji Mkuu akasema, "huko Mbugani mtu mmoja amewatendea watu jambo bila kuwauliza. Leo ametengeneza pampu, kesho atajenga shule. Tutafika wapi? Lakini sisi si wakatili. Nauliza: je, mhalifu huyu afungwe maisha, au afungwe mpaka pampu ya Mbugani itakapotengenezwa kwa uamuzi wa umma?"

Jirani alitimiza ahadi, na hilo lazima tuliseme, maana hapendi kusingiziwa. Mikono ya wilaya tatu pamoja na kile kitobo chake kilichozibwa iliinuka kwa jibu la pili, likashinda. Uwanja wa Mbugani ulilipuka kwa shangwe. Pampu si ilikuwa nzima? Kesho Ngwegwe angekuwa nyumbani. Siwema alimkumbatia Mwatime, akasema maneno ambayo hakudhani yangewahi kutoka kinywani mwake, kwamba Mungu ambariki Pazi Kilewa.

Kidaha alisubiri shangwe ipungue. "Mama," akasema, "pampu hii haijatengenezwa."

"Si hiyo inatoa maji?"

"Inatoa. Lakini umma haujaamua itoe. Kisheria mnakunywa maji ambayo hayajatoka. Na pampu inayofanya kazi haiwezi kupendekezwa kutengenezwa, watanicheka huko juu. Inabidi kwanza irudi katika hali yake halali."

"Hali gani?"

"Ya kuharibika."

Mwatime ndiye aliyeuliza ni nani atakayeiharibu.

"Serikali," Kidaha akasema, na kuwatazama wote kwa zamu, akiwa na haya.

Hapo ndipo Siwema alipopata taabu ambayo sisi tusiombe tuipate. Hakuna aliyemwambia avunje, hakuna aliyemwambia aache. Kila aliyetazamwa naye aliangalia pembeni. Kumwamulia kungekuwa uwakilishi, tena Kidaha alikuwa pale pale, ingawa kwa wema wake alikuwa ameziba masikio. Siwema akamkumbuka Ngwegwe akisema kwa ajili ya wote, akamtazama yule mtoto mgongoni mwa Mwatime. Jirani amempa neno, akajiambia. Leo inaharibika, juma lijalo anapendekeza, juma linalofuata inatengenezwa, na mume wake anarudi. Alijiambia hivyo mara nyingi, kwa haraka.

"Ngojeni kwanza tujaze vyombo," Mwatime akasema.

Wakajaza ndoo, masufuria, madumu, mabeseni, hata bakuli za kulia. Kila chombo cha Mbugani kilipojaa, Siwema alishika nyundo kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia haukuruhusiwa kupita bega, akapiga. Hakuwa na shabaha. Ilimchukua muda mrefu, na wenzake walisimama naye mpaka mwisho. Bolti ya Ngwegwe ilipodondoka, Kidaha aliiokota, akaifuta tope, akaitia mfukoni iwe ushahidi.

*

Jirani, ambaye sasa mikono ya Mbugani ilikuwa yake, alisema atalipendekeza swali la pampu. Siwema alipokwenda tena, alisema ameshalipendekeza, ni foleni tu. Alipokwenda mara ya tatu alimkuta hayupo. Uwanja ulikuwa na jua kali mno kwa watu wenye mikono mingi kama Jirani na majirani wenzake wachache wa mikoa mingine, kwa hiyo taifa lilikuwa limeulizwa, nalo likakubali, kwamba wakae kwenye ule ukumbi wa zamani wa mji mkuu wenye feni. Viti vya kuzunguka vilirudishwa mahali pake.

Maji ya kwenye vyombo yaliisha. Watu wakarudi bwawani. Mjukuu wa Mwatime hakuzifikia mvua. Siwema alikwenda msibani, akakaa mlangoni kabisa, na Mwatime hakumfukuza wala hakumwita ndani. Siwema alitamani angetukanwa.

Kila alipoweza alikwenda Makutano kumpelekea mumewe chakula. Njia ilikuwa ndefu, na siku hiyo tunayoisema alifika nje ya mahabusu jua likiwa utosini, kikapu kichwani, ndipo kipaza sauti cha mjini kikakohoa.

"Ndugu wananchi," Muulizaji Mkuu akasema, na sauti yake ilikuwa na furaha, "nimewauliza kwa uaminifu. Mmejibu kwa uaminifu. Nimekagua, nikaona tumekaribia mwisho wa kazi. Leo nina swali moja tu: je, kuna yeyote aliyebakiwa na jambo lolote la kuulizwa? Mwenye nalo ainue mkono."

Katika ule ukumbi wenye feni, majirani wema walikuwa ndio kwanza wamemaliza kula. Wawili watatu walisikia swali. Wengine walikuwa wamejifunika karatasi usoni, na Jirani Pazi Kilewa alikuwa mmoja wao. Hakuna mkono ulioinuka.

Siwema aliweka kikapu chini. Aliinua mkono wa kulia, ukafika begani, ukapita bega, akaunyoosha mpaka juu kabisa, kiganja wazi, na kitambaa kikateremka kuelekea kwapani. Alisimama hivyo katikati ya barabara. Watu wa Makutano walimkwepa wakapita. Muulizaji Mkuu alingoja kidogo, kama ilivyo haki.

"Mama," mtu akamwambia kwa nyuma. Alikuwa Kidaha, amemleta mhalifu mwingine, na kofia nyekundu ilikuwa kichwani. Aliushika ule mkono kwa vidole viwili, akaushusha polepole. "Huo si wako, mama. Ni wa Jirani, na Jirani hana swali."

Kipaza sauti kilikuwa kikiendelea. Taifa halikuwa na swali lililobaki. Hakuna nchi nyingine duniani iliyowahi kufika hapo. Kwa hiyo serikali, ambayo kazi yake ni kuuliza, inafungwa kuanzia leo kwa heshima zote, na atakayetaka kuuliza jambo baada ya leo atahesabiwa kuwa anaisingizia nchi upungufu. Muulizaji Mkuu angebaki kwenye nyumba yake na lami yake, ili asije akasahaulika. Wimbo wa taifa ukapigwa, beti zote.

Siwema alisimama mpaka wimbo ukaisha. Kisha aliokota kikapu, akaingia.

Ngwegwe alikuwa amekaa chini karibu na nondo. Alikuwa na ndevu, na mikono yake ilikuwa imekuwa laini kwa kukosa kazi. Humo ndani kipaza sauti hakikusikika vizuri.

"Nimesikia wimbo," akasema. "Kuna nini? Wamesemaje?"

Siwema alifungua kikapu, akatoa ugali, akatoa mboga, akavipanga bila haraka.

"Swali letu limefika kwa Muulizaji mwenyewe," akasema. "Wamesema kesho."

"Kesho hii?"

"Kesho."

Ngwegwe alimtazama usoni, akamwamini. Alicheka kidogo, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu akamatwe, akanawa mikono na kula ugali wote.

"Basi uje na shati langu jeupe," akasema akiwa bado anatafuna, "nisije nikapita katikati ya watu na matambara haya."

Siwema akasema atakuja nalo.